Viduara Vitupu vya Mariana

Mariana alifundisha chekechea mtaa wa Malangali, mjini, na jioni alichora katuni. Hakuchora majini wala watu wanaopigana. Alichora mvua ya kijijini kwao Mpui, mama yake akipepeta ulezi, ng'ombe wakigoma kuvuta plau. Kila kijitabu kilikuwa karatasi chache zilizokunjwa na kubanwa pini, basi.

Kijitabu cha tatu kilimhusu kaka yake, Mathias, aliyeuawa na radi shambani akilima na baba yao, Mzee Polikarp. Tangu mazishi, mzee alibaki mtu wa "ndiyo" na "hapana". Hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia siku ile. Kwa hiyo kila alipomchora baba, Mariana alichora duara la maneno juu ya kichwa chake, akaliacha tupu. Kumtungia maneno aliona ni kumsingizia.

Edwin, mwenye duka la stesheneri mtaa wa Majengo alikotolea kopi, alikigeuzageuza.

"Dada, hiki hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Sasa mtu asome nini? Hakichekeshi, hakina hata steringi."

"Kiweke tu hapo kaunta."

Edwin alikiweka ili kumridhisha mteja. Haikupita wiki akampigia simu alete vingine. Watu waliokuja kutoa kopi za vyeti walikuwa wakikifungua, wanakisoma wamesimama, kisha wanaondoka nacho. Jane, muuza dagaa, alijaza viduara kwa maneno ya marehemu mumewe, akarudi kumwonyesha Edwin.

"Vitabu vingine vinaongea vyenyewe tu," alisema. "Hiki kimeniachia nafasi."

Msimu wa mbolea ulipofika, Mzee Polikarp alikuja mjini, akaingia dukani kwa Edwin kutoa kopi ya kitambulisho. Pale kaunta akajiona ndani ya kijitabu: kofia yake, mguu wake unaochechemea, ng'ombe wake. Akauliza, Edwin akamweleza yote, hadi habari za Jane. Mzee alichukua kijitabu, akaenda moja kwa moja Malangali kwa Mariana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikiweka mezani. "Huyu ni mimi."

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Umekosea."

"Najua, baba."

"Hujui. Umenichora nimesimama mbali naye. Sikuwa mbali. Mimi nimeshika plau, yeye anaongoza ng'ombe. Nikamwambia, twende nyumbani, wingu lile si zuri. Akasema, baba, tumalize kipande hiki. Nikamkubalia." Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mimi ndiye mzazi, nikamkubalia."

Mariana alisogeza kiti chake karibu.

"Alikuwa anaimba," mzee aliendelea. "Wimbo wa kwaya. Anaukosea, namsahihisha, anaukosea tena makusudi ili nikasirike."

"Ukakasirika?"

"Nilicheka!" Na hapo akacheka kweli, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, wala hakuyafuta.

Baadaye Mariana alichukua penseli. "Niandike maneno hayo kwenye viduara, baba?"

"Hapana. Hivi vijitabu vya watu viache hivihivi. Huyo mama wa dagaa naye ana marehemu wake. Chora kingine. Mchore kaka yako anaimba."

Simu ya Mariana iliita. Mama aliuliza kwa wasiwasi kama Mariana amemwona baba yake, maana gari la Mpui limefika bila yeye. Mzee alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Nalala huku," alisema. "Naongea na mtoto."

Sauti ya mama ikasikika simuni: "Ongeeni, baba Mathias. Ongeeni tu."

Mariana alitandaza karatasi mpya mezani. Baba yake aliiinamia karatasi, akiitazama kama anayekagua shamba kabla ya kulima.

"Yule ng'ombe mwekundu ana pembe moja iliyopinda," alisema. "Anza na huyo."