Madalali wa Maji Ambayo Hayajafika

Ahmednoor alirudi Garissa mwaka 1966 na shahada ya uhandisi, suti ya sufu isiyovalika katika joto lile, na kitabu kipya ambacho hajakimaliza. Kitabu kilifundisha mbinu ya vipande: ardhi iliyokushinda kwa ukubwa, ikate pembetatu ndogondogo. Pembe zinapokutana pana kifundo, na kila kifundo kina namba yake, inayotegemea namba za majirani zake tu. Kule ughaibuni kulikuwa na mashine kubwa kama chumba ya kutafuta namba hizo. Ahmednoor alijifunza kuilisha. Kutafuna ilikuwa kazi ya mashine.

Sasa mashine hapana, na namba ilitakiwa. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali, vilikuwa vimewasukuma wafugaji katika kijiji cha seng'enge mbali na mto, naye alipewa kazi ya kuwachorea tuta la bwawa upande wa juu wa kijiji. Maji yakipenya chini ya tuta, yatasukuma kwa nguvu gani upande wa pili? Nguvu hiyo ikizidi thelathini kwa kila mia ya bwawa, udongo utalainika na tuta kuporomokea vibanda. Mkuu wake akasema anataka jibu zuri mezani Ijumaa, la sivyo tingatinga linahamia Mandera. Ahmednoor alikokotoa mara tatu akapata majibu matatu, wala hakuna mawili yaliyosalimiana.

Aliokolewa, au alidhani ameokolewa, na adeer Shurie, mdogo wa baba yake, dalali wa ngamia. Soko la mifugo lilikuwa limefungwa kwa amri, na madalali walishinda wakigombana kwa kukosa cha kugombania. Watu hawa hutajiana bei kwa kushikana vidole chini ya shuka, kwanza makumi kisha mojamoja, mkono mzima ukiwa tano, mtu wa tatu asijue kitu. Ahmednoor akawatazama, akaiona mashine yake.

Aliomba ruhusa, akawapanga uani kwa ofisi, kila mtu juu ya kifundo chake. Wa upande wa bwawa walishika mia, wa mwisho kabisa upande wa kijiji sifuri, na hao hawabadiliki. Aliye katikati awashike vidole majirani zake sita, ajumlishe, agawe kwa sita, hiyo ndiyo namba yake mpya. Kisha arudie, mpaka pasiwe na namba inayobadilika.

Sajini aliyewalinda hakupendezwa na mikono iliyokuwa ikitembea chini ya mashuka.

"Mnauza nini?"

"Maji, sajini," Shurie akamjibu kwa Kiswahili chake kisichojua "p". "Lakini hii maji bado kufika. Ikifika wewe bia utabata."

Adhuhuri namba ya chini ya tuta ilitoka: mia na ishirini. Maji yameingia na mia, yametoka na mia na ishirini, jambo ambalo maji hayajapata kulifanya. Ahmednoor alikaa chini.

"Adeer, hesabu yako ilitoka ngapi?" aliuliza kwa Kisomali.

"Arobaini."

"Ukampa jirani ngapi?"

"Hamsini." Shurie alimtazama kwa huruma. "Namba imepita mkononi mwangu. Nisiongeze kitu, kwani mimi ni mti?"

Wenzake wakaafiki. Wawili wao, zaidi ya hayo, walikuwa wamekataa kushuka kabla jirani hajashuka.

Ahmednoor alikasirika hadi machozi yakamlenga. Wakati huohuo watoto wa kijiji cha seng'enge walikuwa wakipita na madebe matupu kwenda mtoni, askari mbele yao.

"Mnawaona wale?" alisema. "Baba zao hawakurudi. Vibanda vyao viko chini ya tuta. Namba hii ni mali ya yatima."

Shurie akaomba birika, akanawa mikono, na wengine wakamfuata. Walianza upya, bila mzaha safari hii, maana mali ya yatima ni moto tumboni na kila mmoja wao alilijua hilo tangu chuo cha Kurani. Namba zikashuka, zikatulia. Alasiri ilipoingia hapakuwa na kidole kilichobadilika. Chini ya tuta: thelathini na sita.

Ijumaa ilikuwa kesho. Thelathini ingetiwa sahihi bila swali. Ahmednoor alichuchumaa karibu na adeer wake, akaingiza mkono chini ya shuka, akamshika vidole vitatu. Aliona aibu, lakini alimshika.

Shurie hakuutoa mkono wake. Alimrudishia vidole vitatu, kisha mkono mzima na kidole kimoja.

"Umesema ni mali ya nani?" akauliza polepole.

Ijumaa Ahmednoor alipeleka thelathini na sita, na mchoro wa tuta pana zaidi. Tingatinga likaenda Mandera.

Jumamosi aliwakuta madalali wamejipanga mstari pale tuta lilipochorwa, na sajini kati yao amevua shati, wakipokezana makarai ya udongo na kubishana nani amesimama mahali pa nani. Aliingia mwishoni mwa mstari, karibu na Shurie. Karai la kwanza lilikuwa limepita mikono yote ile, na lilimfikia limejaa pomoni.