Saa Iliyobaki Ndani ya Mashine

Jumanne asubuhi Étienne, fundi wa kompyuta kutoka Butembo, aliketi mbele ya mashine ya Linux katika ofisi moja ya Beni inayoandika taarifa za mashambulizi. Mashine ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Phinées, karani aliyetumwa kutoka Kinshasa, ndiye aliyeirudisha nyuma kwa mkono, ifuate saa za kwao, ili ajue watoto wake wanakula wakati gani. Hakumwambia mtu, na kusema kweli hakuna aliyemuuliza.

Katungu, aliyekuja kulalamikia ripoti moja, alikuwa akitembea kati ya dirisha na mlango. Mwezi uliopita mume wake, Syauswa, alimpigia simu akiwa amejificha kwenye shamba la kakao, washambuliaji wakiwa karibu, na yeye akawaita askari papo hapo. Phinées alisoma saa ya wito kwenye simu ya Katungu: nne na dakika ishirini. Saa ya askari kufika aliisoma kwenye mashine: nne na nusu. Saa ya kweli ilikuwa tano na nusu, lakini ripoti ikasema dakika kumi. Katungu aliinjika maharage alipomaliza kupiga simu. Gari la jeshi lilipopita, yalikuwa yameiva. Syauswa alizikwa kesho yake.

Ilipofika saa nne na nusu kwenye mashine, Étienne aliandika amri. Mashine ikauliza saa kwenye intaneti, ikajibiwa, ikaruka mbele. Saa nzima iliyorukwa haikuwa na pa kwenda, ikabaki ofisini. Jua likasimama sakafuni, na simu ya Katungu ikalia. Alikuwa Syauswa, akiulizia askari.

“Mama Shekinah, basoda beko wapi?”

“Beko mu njia, Baba Shekinah,” Katungu akamjibu kwa jina la mtoto wao.

Phinées alipunguza sauti ya redio. Étienne aliendelea na chai yake. Syauswa aliuliza kama batoto bamekula, akakumbusha kakao ya uani igeuzwe juani. Saa tano na nusu simu ilikatika.

Katungu alimgeukia Phinées kwa hasira. “Chef, umesikia. Andika saa nzima na dakika kumi.”

“Nimesikia, Mama. Mais rapport ilishaenda juu, na cachet, muhuri wa ofisi. Saa tunaweza kurudisha. Karatasi, hapana.”

Tangu hapo saa ile inakuja kila siku, hata Jumapili. Phinées amemwekea Katungu kiti, naye haandiki kitu mpaka ipite, kwa kuwa haimo kwenye ripoti. Étienne huikagua mashine kwa intaneti akiwa Butembo. Iko sahihi hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Katungu hakalii kile kiti. Anazunguka na simu sikioni, dirishani, mlangoni, dirishani tena.

Jana Syauswa aliuliza amengoja muda gani sasa. Katungu akatazama nakala ya ripoti iliyobandikwa ukutani.

“Bameandika dakika kumi.”

“Ah, donc beko karibu,” akasema Syauswa.