Lori la Kakule Maliro

Mjini Butembo, mtu akipeleka hata mzigo wa kuni kwenye matanga, jina lake huandikwa daftarini na kusomwa mbele ya wote, naye hujinyoosha kitini ili aonekane. Ndiyo maana Keren, katibu wa kampeni ya ubunge wa mkoa, hakuona ugumu wowote siku mgombea wake, wakili Maître Syauswa, alipowaahidi wapiga kura kwamba kila aliyemsaidia atatajwa hadharani, pamoja na alichotoa. Aliandika orodha kwa mkono wake, akaibandika kwenye mlango wa ofisi. Mstari wa nne ulisema: Kakule Maliro, lori moja kwa wiki tatu, na mazutu yake, yaani dizeli.

Kakule alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlipia masomo hadi diploma, na hadi leo Keren alikuwa akilala nyumbani kwake. Tena Kakule alikuwa anangojea kupewa kazi ya kujenga upya soko moja kule Beu, mjini Beni, na Maître akichaguliwa angekuwa na sauti katika jambo hilo.

Kesho yake Kakule alifika ofisini.

"Keren, mama, toa jina yangu pale."

"Juu ya nini, Baba Mudogo? Lori haikutumika?"

"Ilitumika. Lakini ile ilikuwa zawadi ya siri."

"Lori ya tani kumi, siri? Batoto ba mutaa muzima balipandaka ndani, banaimba."

Mlinzi wa ofisi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Batu batasema nilinunua kazi ya soko."

"Kama haukununua, uogope nini? Ku matanga ya babu, weye mwenyewe ulikasirika juu gunia yako ya maharagi ilisomwa ya mwisho."

Kakule aliondoka bila kuaga.

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikaa sebuleni. Kakule alikuwa na neno moja tu: Keren aufute ule mstari na kuomba msamaha, la sivyo atafute pengine pa kulala.

"Sema tu pardon, mutoto," shangazi yake Agar alimsihi. "Neno moja, inaisha."

Keren alikuwa amekwisha kulifunga godoro lake kwa kamba. Alisimama.

"Baba Mudogo, aksanti kwa masomo, na kwa kitanda. Lori ulitoa, niliandika lori. Jina inabaki ku mulango. Siombe musamaha."