Kondoo wa Ng'ambo ya Mfereji

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, wiki tatu kabla ya Idi ya kuchinja, mbu alimuuma Sittana shingoni, naye akajua kuwa mbu huyo ametoka kwa kondoo mwenye homa.

Tangu utotoni, kila mbu aliyemuuma alimwachia habari ya damu aliyokunywa kabla. Kijijini kwao, kwenye mifereji ya Jazira kusini ya Khartoum, watu walimtumia kutafuta punda waliopotea. Mbu wa jioni ile alitoka kwenye zizi la Wad Nuri, mfanyabiashara wa kondoo wa ng'ambo ya mfereji. Kondoo majike wa huko walikuwa wakitupa mimba.

Mchinjaji wa zizi hilo alikuwa Bashari, mwana wa Sittana. Kondoo akianza kulegea, Wad Nuri alimwita mbio amchinje kabla hajafa, nyama igawiwe majirani.

"Kesho usiende," Sittana alimwambia.

"Mama, niache kondoo wa watu wawe vibudu? Na huyo mbu wako, si ndiye aliyetupeleka sokoni kumtafuta punda wa Hamdun? Kumbe kafungwa nyuma ya msikiti!"

"Punda alipoumwa alikuwa sokoni. Kurudi alirudi kwa miguu yake."

Bashari alicheka, akaendelea kunoa kisu.

Alhamisi alikuja afisa mifugo, Sittana akamweleza. Aliandika yote: saa, shingo, upande wa kushoto.

"Nakuamini, hajati. Ila maabara inataka damu kwenye chupa. Mbu mwenyewe yuko wapi?"

"Nilimpiga kofi."

"Basi shahidi umemuua."

"Kondoo wapo. Chukua yao."

Afisa aliyatazama malori yaliyokuwa yakingoja kondoo ng'ambo ya mfereji. "Nikichukua, mnada unafungwa. Idi hii watu wachinje nini, kuku?" Alimaliza chai yake, akafunga daftari.

Juma hilo Bashari alichinja kondoo kumi na mmoja. Maini aliyoleta nyumbani, Sittana aliyafukia.

Jumatatu saa kumi alasiri malori yaliondoka na kondoo mia nne. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni Bashari alikuwa amekaa kitandani uani, akipiga mluzi, akingoja chai. Mbu alimuuma Sittana kiganjani. Damu ilikuwa ya Bashari, na joto lake lilikuwa lile la kondoo mwenye homa.

Alimpa chai. Kisha akaleta chandarua, akakishusha juu yake, mbu mwingine asiichukue damu hiyo.

"Mama, jua hata halijazama! Mimi mtoto mchanga?"

Sittana alichomeka pindo chini ya godoro, pande zote nne, kikombe kikiwa bado mkononi mwa mwanawe.