Mataruma ya Merganser

…imeoza, neno lenyewe hilo kwenye ripoti, kwa mwandiko mzuri kabisa, mataruma yote, mbavu zote za meli, yameoza, na chini yake mstari mtupu unaongoja jina lake, Gethin Prosser, fundi mkuu aliyeiunda meli hii, Merganser, na Bwana Tapscott, mkaguzi aliyeshuka jana kwenye garimoshi la London, anakoroga chai, "Tia sahihi, mzee wangu, ni meli tu, si mkeo," karani anacheka, cheka tu, wewe hukuwepo hapa Pembroke Dock mwaka wa 1839 tulipolaza mkuku wake, uti wake wa mgongo, mwaloni uliokaushwa miaka mitatu chini ya paa, na kila taruma Prosser aliligonga kwa nyundo akasikiliza, likilia wazi linapita, likilia zito linarudi, ndivyo nduguye Idris alivyopondwa mkono, akiteremsha moja lililolia zito… meli iliyovuta kwa mvuke manowari za matanga zilizokwama kwenye shwari, gurudumu la kupiga maji kila ubavu, iliyofukuza wauza watumwa Afrika Magharibi, ikapigwa kombora Bahari Nyeusi, gurudumu la kushoto likavunjika, na bado ikarudi na majeruhi mia mbili, leo imeoza! "Ushahidi huu hapa," Tapscott anasukuma kisahani cha unga wa mbao uliotolewa na keekee, Prosser anauchota kwa vidole, ananusa, mwaloni una uchachu, huu unanuka utomvu, huu ni msonobari, Mungu wangu, ni lile taruma walilopachika Malta baada ya kombora, "Mlitoboa wapi, bwana?" "Kushoto, penye gurudumu." "Hicho ni kiraka!" "Mbao ni mbao, mzee," mbao ni mbao! koti likitiwa kiraka cha gunia, ndiyo koti lote gunia?… na wakitoboa kwingine, itapona? haiponi, analijua hilo, siku hizi meli husukumwa na rafadha ya nyuma, iko chini ya maji, mzinga hauifikii, ilhali magurudumu yale ni shabaha ya kila mpumbavu, tena yamekula nafasi ya mizinga, yeye mwenyewe angekuwa nahodha asingeichagua… na ajabu, hasira haipiganii tena uhai wake, ivunjwe, ikawe kuni, lakini waandike imepitwa na wakati, wasiiue kwa ugonjwa isiokuwa nao, "Chai inapoa, Bwana Prosser," na ipoe, atalikata kwa kalamu neno lile imeoza kwanza, mbele ya macho yao, ndipo atie sahihi, Idris hakutoa mkono wake kwa mbao zilizooza…