Kasi Iliyo Kwenye Lebo

Memori ya kompyuta niliyouziwa na mchumba wa mdogo wangu iliandikwa kasi ya 3200 kwenye lebo, lakini kompyuta ilionyesha 2133. Nilimwambia mdogo wangu, mchumba wake akiwa pale pale sebuleni, kwamba tapeli haoi kwetu.

"Shemeji, umeshanihukumu," kijana akasema. "Mipangilio ya kuwashia kompyuta umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Basi inakwenda kwa kasi ya tahadhari. Haikimbii mpaka uiruhusu."

Niliwasha kompyuta upya, nikafungua mipangilio, nikachagua kasi ya kwenye lebo. Ikasoma 3200. Nikaipa kazi nzito mpaka jioni, haikukwama.

"Mwambie baba apange siku ya harusi," nikamwambia mdogo wangu.

"Tapeli anasubiri kuombwa radhi kwanza," shemeji akasema.

Nikamwomba.