Dakika Ishirini za Kutulia

Mara ya kwanza presha yangu ilisoma mia moja tisini na nne, wakanirudisha nyumbani. Mara ya pili ikasoma mia moja tisini na nane, wakanirudisha tena, na sista akaniambia kwa ile sauti ya kubembelezea watoto, "Mama, jaribu kutulia." Nikamwambia nimetulia. Akaitazama mashine yake ya kupimia, akanitazama mimi.

Nilikuwa nimekwenda kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilishafunga kabisa, na la kushoto lilikuwa linanionyesha dunia kama vile nimevikwa mfuko wa nailoni kichwani. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na moja huu, na fundi asiyeona ni mtu tu aliyekaa nyuma ya mashine. Daktari wa macho si wa hospitali yetu. Huja mara mbili kwa mwaka, anakaa wiki mbili, anapasua watu, anaondoka. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho, na presha ikizidi mia moja na themanini hagusi jicho la mtu. Kwa hiyo nilikuwa na siku saba za kutulia, la sivyo miezi sita ya kupapasa.

Hasira za siku ile nilizimalizia kwa sista. Alipoinama kunifungua ule mkanda wa mkononi, mfuko wa sare yake ukanijia hapa puani, na hata kwa jicho langu bovu niliona umekaa upande. Nikaupitishia kidole. Mshono ulikuwa unapanda na kushuka, na kona moja ilikuwa imeinama kama sikio la mbuzi.

"Nani kakushonea hii?" nikamuuliza.

"Kuna fundi mmoja, mama."

"Mwambie fundi wako akauze mkaa."

Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, akashikwa na kikohozi cha ghafla. Sista akasema yeye anaipenda hivyo hivyo, inamkaa vizuri. Nikajisemea, kweli watu hawana macho.

Sasa, binti yetu. Binti yetu anafanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja mbali na sisi. Kule kazini waliletewa mtaalamu wa kuwafundisha kupunguza mawazo, na tangu siku hiyo haambiliki. Jioni ile ile akapiga simu.

"Mama, fanya meditesheni. Dakika ishirini kila siku. Unakaa, unafumba macho, unapumua."

"Mwanangu, mimi nilikuwa napumua kabla sijakuzaa."

"Sasa ndiyo utapumua vizuri. Ukisikia wazo linakuja, unaliacha linapita."

Akanitumia kwenye simu sauti ya mwanamume mmoja wa kuniongoza. Nilitegemea mume wangu angecheka mpaka ashike mbavu. Huyu ni mtu aliyeendesha malori miaka ishirini na sita, na barabara nzima walimwita Breki, kwa sababu hata kivuli cha kuku alikuwa anakisimamishia gari. Hajawahi kuamini kitu asichoweza kukifungua kwa spana. Lakini hakucheka. Akafagia chumba cha kulala, akatandika mkeka, akaniwekea mto. "Wewe funga mlango," akasema, "mimi nitakaa hapa sebuleni, nihakikishe hakuna anayekusumbua." Nikaguswa, kusema kweli. Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni.

Siku ya kwanza nilikaa nikakunja miguu kama nilivyoagizwa. Magoti yakalia yote mawili. Yule mwanamume kwenye simu alikuwa anaongea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. *Hisi vidole vya miguu yako.* Nikavihisi, kimoja kina sugu. *Vuta pumzi, moja, mbili, tatu, nne.* Nilipofika tatu nikakumbuka vifungo. Nilikuwa na oda nyingine ya sare kumi na mbili za wauguzi, kila sare vifungo sita, jumla sabini na viwili, na mimi nilikuwa nimenunua sabini. *Wazo likija, liache lipite.* Likipita, nani atanunua hivyo viwili? Nikalishika wazo langu nikakaa nalo.

Mlangoni nikasikia, "Fundi, umeshatulia?"

"Nitatuliaje ukiniuliza?"

"Basi endelea."

Siku ya pili nilijitahidi. Nilijilaza, maana magoti yalishakataa, na yule mwanamume akanipeleka kwenye bustani yenye maji yanayotiririka, na kwa kweli mwili ukaanza kulegea, kuanzia mabegani. Nikasema kumbe. Hapo hapo sauti ya mwanamke ikalipuka sikioni mwangu ikitangaza dawa ya kunguni, chupa mbili kwa bei ya moja. Moyo ulinienda mbio mpaka jioni. Nikampigia binti yangu nikamweleza. Akasema matangazo hayo ni kawaida, niyachukulie kama wazo jingine, yapite. Nikamkatia simu kabla sijasema neno ambalo mama hamwambii mwanawe.

Siku zilizofuata nikalala chali tu na kuhesabu nyufa za dari, ambazo sizioni, nazijua. Nilitaka kuacha. Mume wangu ndiye aliyekuwa ananisukuma. Ikifika saa tisa tu, "Fundi, dakika zako." Nikitoka mapema, "Mbona hazijatimia? Rudi, rudi." Siku moja akaniambia niongeze ziwe thelathini. Nikamwuliza tangu lini amekuwa mwanafunzi wa binti yake. Akasema anataka nipone, kuna ubaya?

Jumatano ndiyo nikajua.

Nilikuwa nimelala pale mkekani, yule mwanamume ananiambia nisikilize sauti zilizo mbali nami bila kuzihukumu. Nikasikiliza. Kuna jirani anaosha vyombo. Kuna pikipiki. Halafu kuna kitu kinagonga, tak-tak-tak, kinasimama. Tak-tak. Kinasimama. Cherehani yangu naijua kuliko kikohozi cha mume wangu. Ile mashine haikaliwi na mtu mwingine. Binti yangu wa kumzaa alijifunza kushona kwa jirani, kwa sababu hii yangu sikumruhusu hata kuipangusa vumbi.

Sikuinuka mara moja. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa siamini, na pia masikio yalishashika kazi. Nilisikia aliyekaa pale anakanyaga pedeli kwa mguu mzima, kwa nguvu, anaachia, kama mtu anayesimamisha gari kwenye mteremko. Nikasikia gurudumu linarudi kinyume. Nikasikia uzi unakatika. Nikasikia mtu anaguna, anatafuta tundu la sindano, anaanza tena. Yuko kwenye kwapa, nikajisemea. Pale panapozunguka. Anauvuta mkono wa nguo badala ya kuulisha.

Nikatokea sebuleni na simu mkononi, yule mwanamume bado ananihimiza nijisamehe.

Breki alikuwa amekaa kwenye kiti changu, wembe ameubana mdomoni, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Chini ya sindano kulikuwa na sare niliyoimaliza juzi, imefumuliwa mikono yote miwili.

"Unafanya nini?"

Akautoa wembe mdomoni. "Nanyoosha."

"Unanyoosha nini?"

"Mikono, Fundi. Wa kushoto uliuweka kulia, wa kulia ukauweka kushoto. Mtu akivaa hii, kiwiko kinatazama mbele."

"Tangu lini?"

"Hii? Tangu jana."

"Sikuulizi hii."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. "Umeanza kukosea tangu zile sare za mwanzo. Zile za mifuko." Akairudisha miwani puani. "Nilimfuata yule sista nikamwomba anipe sare yake niifumue, niinyooshe, nimrudishie kabla hujajua. Akakataa. Akasema ukijua utaacha kushona."

Nikakumbuka ule mfuko, lile sikio la mbuzi. *Mwambie fundi wako akauze mkaa.* Nilitaka kumtukana mume wangu, na kila tusi nililolishika nikaliona linanihusu mimi. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakaniwaka. Wote walijua. Wateja walikuwa wanazipokea nguo zangu, wananisifia, wanakwenda kuzifumua kwao, na huyu mtu wa spana alikuwa anaikalia mashine yangu kila saa tisa mimi nikiwa bustanini kwenye maji yanayotiririka.

"Kwa hiyo hii meditesheni ni yako?"

"Ya binti. Mimi nilizipendea zile dakika ishirini tu. Ningekutoaje hapo kwenye kiti? Hata chooni unakwenda na mkasi."

"Ondoka kwenye mashine yangu."

Akaondoka. Sare ikabaki chini ya sindano, mkono wa kushoto umeshonwa nusu.

Alhamisi hatukusemezana. Alipokuwa nje nilizichukua zile sare alizokwisha kuzinyoosha, nikazipitishia vidole moja moja. Zilikuwa vituko. Alikuwa ametoa upogo wangu akaweka wake. Lakini mikono ilikuwa upande wake, na mifuko ilikuwa imekaa mahali ambapo mtu angeweza kutia kalamu, na kila mwisho wa mshono alikuwa amefunga fundo kubwa la dereva, lile la kufungia turubai. Nilikaa nazo mapajani muda mrefu. Meditesheni sikufanya. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zenyewe zilikuwa hazina pa kukaa, maana kila nilipotaka kuziweka nilikuta fundo.

Ijumaa tukaenda hospitali. Sista ni yule yule, sare ni ile ile. Akanifunga mkanda mkononi, mfuko wake ukaning'inia mbele ya uso wangu, na mimi nikageukia ukutani. Nilisikia moyo unavyogonga hata kabla mashine haijajaa upepo.

"Mia moja themanini na tisa," akasema taratibu.

Nilikuwa naiona miezi sita, yote, imepangana mbele yangu, na mimi nikipapasa.

"Daktari ana watu wawili kabla yako, mama. Kaa pale kwenye benchi dakika ishirini. Nitakupima tena, ila ndiyo mara ya mwisho."

Nikakaa. Mume wangu akakaa kando yangu, akatoa simu anitafutie yule mwanamume wa bustani. Simu ilikuwa imezima. Akaibonyeza, akaitikisa, akaipuliza. Akairudisha mfukoni, akakunja mikono, na mguu wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu. Ndivyo alivyo akiwa na wasiwasi. Tak-tak-tak. Ukasimama. Tak-tak.

Nilivumilia kiasi nilichoweza.

"Unakanyaga vibaya," nikamwambia. Hilo ndilo neno la kwanza tangu Jumatano.

"Nini?"

"Huo mguu. Unakanyaga kama uko mteremkoni. Pedeli haina breki, mzee. Ni vidole, halafu kisigino, vidole, kisigino. Vipokezane."

Akajaribu. Ulikuwa mwendo wa mtu anayechechemea.

"Polepole. Anza na gurudumu kwa mkono, livute kwako, ndipo mguu ufuate."

Na yule mtu, mbele ya watu wote waliokuwa pale, akainua mkono wa kulia akavuta gurudumu ambalo halipo. Mguu ukafuata. Mama mmoja kwenye benchi la pili akasogeza mkoba wake karibu. Mimi nikafumba macho.

"Tuko wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kwapani. Pale ulipouachia juzi. Mkono wa nguo siku zote ni mpana kidogo kuliko tundu lake, kwa hiyo usiuvute. Ukiuvuta utajikunja. Ulishe tu, kidogo kidogo."

"Nalisha."

"Unaharakisha."

"Hapana, ni mtu kapita na kitoroli."

Tukaenda. Nilikuwa namsikia anavyokanyaga, vidole, kisigino, na pale alipokosea nilimgusa goti, akapunguza. Kitambaa nilikiona, rangi yake na nyuzi zake, wazi kabisa, vile ambavyo sijakiona miaka miwili. Tukapanda bega. Nikamwambia atulize mguu, sindano ibaki ndani, ainue kile kiguu cha kukandamizia, ageuze nguo, akishushe. Akafanya yote kwa vidole vyake vikubwa hewani, anahema kwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Tukashuka upande wa mgongo.

"Umefika mwisho," nikamwambia. "Rudi nyuma mishono mitatu. Kata uzi."

"Na fundo?"

"Usifunge fundo."

"Moja tu."

"Haya, moja."

Nilipofumbua macho sista alikuwa amesimama mbele yetu na mkanda wake, sijui tangu lini. Akanifunga, akapuliza, akangoja. Akapuliza tena, kuhakikisha.

"Mia moja sabini na mbili. Mama, umefanya nini?"

"Nimemaliza mkono wa kushoto."

Hakuelewa, akaandika namba zake. Alipoinama kunifungua, nikaushika ule mfuko kwa vidole viwili, nikaubana, asiondoke.

"Sista, huu mfuko ni wangu."

"Ndiyo, mama."

"Ukaufunga mdomo nikikutukana."

"Hukunitukana mimi," akasema.

"Jicho likipona utauleta."

"Nitauleta."

Akanishika mkono tukaelekea ule mlango wa mwisho, ambako kuna ubaridi na harufu ya spiriti. Mume wangu alisimama pale benchi ameukumbatia mkoba wangu kwa mikono yote miwili, na mguu wake ulishaanza tena. Nikamsimamisha sista, nikageuka.

"Mzee."

"Naam."

"Mkono wa kulia usiuguse mpaka nirudi."